Printa moja, nyumba nzima: Namna ya kugawana printa ya USB kwenye mtandao wa nyumbani

MTANDAO wa tarakilishi unaotumika leo majumbani ulizaliwa, kwa kiasi kikubwa, kwa ajili ya printa. Mapema katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kilichokuwa Palo Alto, California nchini Marekani, mhandisi Gary Starkweather alikuwa akiunda printa ya kwanza ya kutumia miale ya leza. Mashine hiyo ilikuwa ya gharama kubwa na yenye kasi ambayo mtu mmoja peke yake asingeweza kuimaliza. Mwenzake, Robert Metcalfe, alipewa jukumu la kutafuta njia ya kuziwezesha tarakilishi zote za kituo hicho kuitumia. Waraka alioandika mnamo Mei 22, 1973 ndio uliobeba wazo la Ethernet, mfumo ambao yeye na David Boggs waliuunda, na ambao wajukuu wake ndio wanaounganisha ruta na tarakilishi hadi sasa.

Zaidi ya nusu karne baadaye, tatizo lile lile limehamia sebuleni. Nyumba ina printa moja ya USB iliyofungwa kwenye tarakilishi ya mezani, lakini wanaotaka kuchapisha ni wengi. Mama ana kipakatalishi cha kazini, mwanafunzi ana kazi ya ziada inayotakiwa shuleni asubuhi, na baba ana hati kwenye rununu yake. Kila mmoja hulazimika kubeba faili kwa kiflashi hadi kwenye tarakilishi hiyo, kumwondoa aliyeketi hapo, kuchapisha, kisha kurudi alikotoka. Mara nyingine faili hufunguka ikiwa imeharibika mpangilio kwa sababu programu za mashine hizo mbili ni tofauti. Mara nyingine kiflashi huleta virusi kutoka saiba. Hatimaye watu huchoka, na fedha zilizonunua printa huwa zimetumika bure huku familia ikiendelea kulipia kila ukurasa mtaani.

Tatizo hilo lina suluhu, tena isiyohitaji kununua printa nyingine. Hata hivyo, wengi wanaojaribu kulitatua hukwama katikati, kisha hulaumu printa, waya au ruta. Sababu kuu ya kukwama huko ni moja: hawajalijua jambo la msingi kuhusu USB.

Kifaa cha mwenyeji mmoja

Mfumo wa USB ulitangazwa mwaka wa 1996. Lengo lake lilikuwa kuondoa utitiri wa nyaya na matundu ya aina mbalimbali nyuma ya tarakilishi, likiwemo lile tundu pana la pini 25 ambalo printa zilitumia kwa miaka mingi. Toleo la USB 2.0 lililotolewa mwaka wa 2000 liliongeza kasi kutoka megabiti 12 kwa sekunde hadi megabiti 480 kwa sekunde, na hadi leo ndilo linalopatikana katika printa nyingi za nyumbani.

Muundo wa USB una kanuni isiyobadilika. Upande mmoja wa waya kuna mwenyeji, ambaye ndiye hutoa amri zote. Upande wa pili kuna kifaa, ambacho hujibu tu kinapoulizwa. Printa ni kifaa. Haiwezi kuwa na wenyeji wawili kwa wakati mmoja, haina anwani kwenye mtandao, na haijui kwamba kuna Wi-Fi ndani ya nyumba. Waya wenyewe, kwa kanuni za USB 2.0, haupaswi kuzidi mita tano.

Kwa hivyo, kugawana printa ya USB maana yake si kuiunganisha printa na mtandao. Maana yake ni kumchagua mwenyeji aliye kwenye mtandao, kumfungia printa hiyo, kisha kumwagiza apokee kazi za wengine na kuzipitisha. Mwenyeji akilala, printa imelala. Akibadilisha jina au anwani, wengine humpotea. Akikataa kuwafungulia mlango, hakuna atakayechapisha. Takriban kila tatizo la kugawana printa, ukilichunguza, ni tatizo la mwenyeji.

Mambo ya kukagua kwanza

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, inafaa kuikagua printa yenyewe. Printa nyingi zilizouzwa katika miaka ya karibuni zina Wi-Fi au tundu la waya wa mtandao, na wenye nazo wamekuwa wakitumia waya wa USB kwa mazoea tu. Iwapo kuna kitufe chenye alama ya mawimbi, au menyu ya mtandao kwenye kioo cha printa, basi ni afadhali kuiunganisha printa moja kwa moja na ruta, na sehemu kubwa ya makala haya haitahitajika.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba printa inachapisha bila matatizo ikiwa kwenye tarakilishi itakayokuwa mwenyeji. Ukurasa wa majaribio ukikataa hapo, hautakubali kutoka chumba kingine.

La tatu ni mtandao. Mashine zote ni lazima ziwe katika mtandao mmoja. Ruta nyingi hutoa jina la pili la Wi-Fi kwa ajili ya wageni, na kwa kawaida kifaa kilichoingia kupitia jina hilo huzuiwa kuviona vifaa vingine vya nyumbani. Hali kadhalika, kuna nyumba zenye ruta mbili, moja ya kampuni ya intaneti na nyingine iliyonunuliwa na mwenye nyumba, kila moja ikiendesha mtandao wake. Tarakilishi iliyo katika mtandao mmoja huenda isiione printa iliyo katika mwingine, ingawa zote mbili zinapata intaneti vizuri.

La nne ni anwani. Ruta hukipa kila kifaa anwani ya IP, aghalabu inayoanza na 192.168, na anwani hiyo yaweza kubadilika baada ya stima kupotea na kurudi. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta kuna sehemu ya kukiwekea kifaa fulani anwani ya kudumu. Mwenyeji wa printa anapaswa kutengewa anwani hiyo. Kazi hiyo ya dakika chache huepusha usumbufu wa miezi mingi.

Mwenyeji wa kwanza: Tarakilishi ya Windows

Hii ndiyo njia isiyo na gharama, na ndiyo wanayoianza wengi. Hatua zifuatazo zinahusu Windows 11, na zinakaribiana sana na zile za Windows 10, mfumo ambao Microsoft ilikoma kuutolea masasisho ya kawaida ya usalama mnamo Oktoba 14, 2025.

Katika tarakilishi mwenyeji, mtumiaji afungue “Settings”, aingie “Network & internet”, na kuhakikisha kwamba mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa “Private”. Windows huuchukulia mtandao mpya kuwa wa hadharani, kama ule wa hotelini, na hapo huficha kila kitu. Kisha, katika mipangilio ya juu ya kugawana, awashe “File and printer sharing” kwa mtandao huo wa faragha.

Baada ya hapo, aingie “Bluetooth & devices”, halafu “Printers & scanners”, abofye jina la printa na kufungua “Printer properties”. Kwenye sehemu ya “Sharing” kuna kisanduku cha kutia alama kinachosomeka “Share this printer”. Chini yake huandikwa jina ambalo wengine wataliona. Jina fupi lisilo na nafasi wala alama, kama vile PRINTA, ndilo bora. Inafaa pia kulinakili jina la tarakilishi yenyewe. Tuseme ni SEBULE.

Linalofuata ni suala la nywila, na hapa ndipo wengi huteleza. Maelekezo mengi ya zamani humshauri mtumiaji azime kabisa hitaji la nywila ili kazi iwe rahisi. Ushauri huo umepitwa na wakati. Matoleo mapya ya Windows yanazidi kukaza masharti dhidi ya miunganisho isiyojitambulisha, na kuacha mlango wazi ni hatari. Njia salama ni kufungua katika tarakilishi mwenyeji akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, kwa ajili ya uchapishaji tu, na kuipa nywila yake. Ikumbukwe kwamba ile PIN ya tarakimu chache inayotumiwa kufungulia Windows haifanyi kazi kupitia mtandao. Kinachotakiwa ni jina la akaunti na nywila kamili. Wapo waliohangaika siku nzima wakiingiza PIN iliyo sahihi mahali pasipo pake.

Katika kipakatalishi kinachotaka kuchapisha, mtumiaji aingie pia “Printers & scanners”, abofye “Add device”, asubiri kidogo kisha achague kuongeza mwenyewe. Kwenye orodha itakayotokea, achague printa iliyogawanwa kwa jina na kuandika \\SEBULE\PRINTA, mikwaju ikielekea nyuma. Jina likikataa, anwani ya IP ya mwenyeji yaweza kutumiwa badala yake. Mashine itauliza akaunti na nywila, na hapo huingizwa ile ya uchapishaji.

Wapo watakaotafuta “HomeGroup” kwa kuwa walisoma kuihusu zamani. Utaratibu huo ulioanza na Windows 7 mnamo 2009 uliondolewa katika Windows 10 mwaka wa 2018. Maelekezo yoyote yanayoutegemea hayana faida tena kwa mifumo ya sasa.

Mac na Linux

Tarakilishi za Apple na zile za Linux zina mzizi mmoja katika jambo hili. Zote hutegemea CUPS, mfumo wa uchapishaji ulioanzishwa na Mmarekani Michael Sweet mwishoni mwa miaka ya 1990. Apple iliuingiza katika Mac OS X 10.2 mnamo 2002, na miaka mitano baadaye, mnamo 2007, ikaununua.

Kwenye Mac, mwenye tarakilishi hufungua “System Settings”, huingia “General” kisha “Sharing”, na kuwasha “Printer Sharing”. Katika matoleo yaliyotangulia lile la Ventura la mwaka wa 2022, “Sharing” ilikuwa ndani ya “System Preferences”. Baada ya hapo huchagua ni printa ipi itakayogawanwa na ni nani ataruhusiwa.

Kwenye Linux, CUPS ikishawekwa, mipangilio yake hufunguliwa kwa kivinjari cha wavuti kwa kuandika http://localhost:631. Kuna swichi mbili, na zote mbili ni lazima ziwashwe: moja huruhusu tarakilishi kugawana printa zake kwa jumla, na nyingine huihusu printa yenyewe. Anayewasha moja na kuisahau nyingine hubaki akishangaa. Tarakilishi ya Windows huweza kuifikia printa hiyo kwa kuandikiwa anwani ya namna hii: http://, anwani ya IP ya mwenyeji, :631/printers/, kisha jina la printa. Lugha inayotumika hapo ni IPP, itifaki ya uchapishaji iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1999, ambayo ndiyo msingi wa uchapishaji wa kisasa katika vifaa vingi.

Mwenyeji wa pili: Ruta

Udhaifu wa kuitumia tarakilishi kama mwenyeji uko wazi. Ni lazima iwe imewashwa na iko macho. Mwanafunzi aliye chumbani saa nne usiku hawezi kuchapisha iwapo tarakilishi ya sebuleni imezimwa. Inawezekana kuizuia isilale, lakini huko ni kuteketeza stima mchana kutwa kwa ajili ya kurasa mbili.

Ruta, kwa upande wake, hailali. Baadhi ya ruta zina tundu la USB, na baadhi ya hizo huweza kuwa mwenyeji wa printa. Neno “baadhi” lina uzito hapa: kuna matundu ya USB yaliyowekwa kwa ajili ya kuhifadhi faili pekee, na mengine huhitaji programu maalumu ya mtengenezaji ambayo haipo kwa rununu au kwa Linux. Kitabu cha maelezo ya ruta ndicho cha kuaminiwa, wala si kule kuwepo kwa tundu.

Hata pale inapokubali, ruta huwa mwenyeji mwenye mipaka. Mara nyingi hupitisha tu data bila kuielewa. Kiwango cha wino huenda kisionekane tena, na iwapo mashine ni ile yenye skana juu yake, sehemu ya skana aghalabu haitafanya kazi kupitia njia hiyo. Isitoshe, zipo printa za bei nafuu ambazo hazina ubongo wake zenyewe. Hutegemea tarakilishi ifanye hesabu zote za kuugeuza ukurasa kuwa nukta. Kila mashine itakayochapisha kwa printa za aina hiyo kupitia ruta ni lazima iwe na programu kiendeshi, yaani ile programu inayoifahamu lugha ya printa husika.

Mwenyeji wa tatu: Tarakilishi ndogo

Njia inayosifiwa na mafundi wengi ni kuiwekea printa mwenyeji wake wa kudumu: tarakilishi ndogo inayotumia stima kidogo, inayowekwa kando ya printa na kuachwa ikiwa imewashwa. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza mnamo Februari 2012 na yenye umbo la kadi, ndiyo inayojulikana zaidi. Kipakatalishi cha zamani chenye kioo kilichopasuka nacho huifanya kazi hiyo vyema, mradi betri yake haijavimba. Linux na CUPS hazilipiwi.

Faida yake kubwa ni kwamba mwenyeji huyu huielewa printa. Programu kiendeshi huwekwa mahali pamoja, na mashine nyingine hutuma kazi kwa lugha ya kawaida ya IPP. Tahadhari ni moja, tena ya kuzingatiwa kabla ya kutoa fedha: watengenezaji kadhaa wa printa hutoa programu za Linux za vichakataji vya jamii ya Intel pekee, ilhali Raspberry Pi hutumia vile vya ARM. Anayenuia kununua atafute kwanza iwapo printa yake inakubalika. Kipakatalishi cha zamani chenye kichakataji cha Intel huliepuka tatizo hilo.

Viko pia visanduku vidogo vinavyouzwa kwa kazi hii pekee, vyenye tundu la USB upande mmoja na la mtandao upande wa pili. Vina manufaa na mapungufu kama ya ruta.

Rununu na tableti

Apple ilianzisha AirPrint mnamo Novemba 2010 ili iPhone na iPad zichapishe bila programu kiendeshi yoyote. Upande wa Android, muungano wa Mopria ulianzishwa mwaka wa 2013 na kampuni za Canon, HP, Samsung na Xerox kwa lengo kama hilo. Google nayo ilikuwa na huduma ya kuchapisha kupitia intaneti iliyoitwa Cloud Print, lakini iliifunga Desemba 31, 2020.

Kwa hivyo, printa ya USB isiyo na Wi-Fi haiwezi kuonwa na rununu hadi mwenyeji wake aitangaze kwa lugha ya AirPrint au IPP. Windows haifanyi hivyo kwa kawaida. Linux yenye CUPS pamoja na Avahi, programu ya kutangaza huduma kwenye mtandao, hufanya. Nyumba ambayo rununu ndiyo chombo kikuu ingefaa kuifikiria njia ya tatu kabla ya nyingine. Kwa asiyeweza, njia ya mkato ni kuituma hati kwa baruapepe na kuifungua kwenye tarakilishi mwenyeji ikiwa katika umbo la PDF, ambalo huhifadhi mpangilio wa kurasa.

Mlango uliofunguliwa

Kugawana printa ni kufungua mlango, na mlango hauchagui apitaye. Miaka ya karibuni imetoa mafunzo manne yasiyofaa kusahauliwa.

Mnamo Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilizishambulia tarakilishi katika mataifa zaidi ya 150 kupitia kasoro katika toleo la kwanza la SMB, itifaki ambayo Windows hutumia kugawana faili na printa. Tangu mwishoni mwa mwaka huo, toleo hilo halimo katika Windows mpya isipokuwa mtumiaji alirudishe mwenyewe. Fundi anayelirudisha ili tarakilishi ya kale iione printa anarudisha nyumbani hatari iliyokwisha kufukuzwa.

Mwaka uliofuata, mnamo Novemba 2018, mtu mmoja alizifanya takriban printa 50,000 kote ulimwenguni zichapishe ujumbe wa kuisifu chaneli moja ya YouTube. Hakuhitaji kuvunja nywila yoyote. Printa hizo zilikuwa zimeachwa wazi kwa intaneti kupitia lango namba 9100. Funzo ni kwamba mwenye nyumba asifungue kamwe kwenye ruta yake lango la kuelekeza watu wa nje kwa printa, liwe 9100, 515 au 631. Printa ni ya walio ndani.

Mnamo Julai 2021 ilifichuka kasoro iliyopewa jina PrintNightmare katika huduma ya Windows inayopanga foleni ya uchapishaji. Kasoro hiyo ingemwezesha mshambulizi kuitwaa tarakilishi nzima. Microsoft ilitoa masasisho ya dharura, na kuanzia Agosti mwaka huo ni msimamizi pekee anayeruhusiwa kuweka programu kiendeshi inayotoka kwenye printa ya mtandao. Septemba, masasisho mengine ya kuziba pengo tofauti yaliwaacha watumiaji wengi wakiona kosa lenye namba 0x0000011b kila walipojaribu kuunganisha printa iliyogawanwa. Wengi walishauriwa kuuzima ulinzi huo. Dawa iliyo bora ni kuzisasisha mashine zote mbili, mwenyeji na mgeni, kwa kuwa aghalabu ugomvi huzuka pale mmoja anapokuwa mpya na mwingine wa zamani.

Wanaotumia Linux nao hawakusalimika. Septemba 2024, mtafiti Simone Margaritelli alieleza kasoro katika cups-browsed, programu inayotafuta printa mtandaoni, ambazo zingeweza kutumiwa kuendesha amri za mgeni katika tarakilishi. Asiyeihitaji programu hiyo aizime, na anayeihitaji aisasishe.

Kuna pia siri isiyohusiana na wadukuzi. Jina la faili huonekana kwenye foleni, na karatasi hubaki kwenye trei hadi ichukuliwe. Matokeo ya hospitali, barua ya mwajiri au taarifa ya benki vyaweza kusomwa na yeyote apitaye sebuleni. Kabla ya kubofya, mtu ahakikishe kwamba yuko tayari kuifuata karatasi yake.

Inapokataa

Printa iliyokuwa ikifanya kazi jana inaweza kugoma leo. Utaratibu mzuri ni kuanzia kwenye karatasi na kurudi nyuma kuelekea kwa anayechapisha, hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza, je, printa ina karatasi na wino, na inachapisha kutoka kwa mwenyeji? Pili, je, mwenyeji amewashwa na hajalala? Tatu, je, anwani yake ni ile ile? Nne, je, mashine inayochapisha iko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, wala si ile ya wageni au data ya rununu? Tano, je, kuna kazi ya zamani iliyokwama mbele ya foleni? Kazi moja mbovu huzuia zote zilizo nyuma yake. Katika Windows, kuisimamisha na kuianzisha upya huduma ya “Print Spooler” kwa mwenyeji mara nyingi hufungua njia. Ni baada ya maswali hayo matano tu ndipo mtu angefikiria kuiondoa printa na kuiweka upya.

Herufi za ajabu zikijaa ukurasani, kosa huwa ni la programu kiendeshi isiyooana na printa. Ruhusa ikikataliwa, suala ni la akaunti na nywila. Mwenyeji asipoonekana kabisa, chunguza mtandao wenyewe, na vilevile programu ya ulinzi inayozuia miunganisho ya kuingia.

Nyumba ambazo stima hupotea mara kwa mara zina jambo la kuzingatia. Kifaa cha akiba ya umeme kinaweza kuibeba ruta na tarakilishi ndogo bila taabu, lakini printa ya leza haifai kuunganishwa nacho. Inapopasha moto sehemu ya kugandishia wino kwenye karatasi, huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na yaweza kukizima au kukiharibu kifaa hicho.

Uamuzi

Mwenye tarakilishi ya mezani inayowashwa kutwa hahitaji kununua chochote. Windows, Mac au Linux aliyo nayo yatosha. Mwenye ruta inayotambulika na mtengenezaji kuwa mwenyeji wa printa, na asiyejali skana, aitumie ruta. Mwenye vipakatalishi na rununu nyingi, na asiyekuwa na mashine inayokaa macho, amtafutie printa yake mwenyeji wa kudumu. Anayenunua printa mpya leo aongeze kigezo kimoja katika orodha yake: iwe na mtandao wake yenyewe na iitambue IPP au AirPrint. Mnamo Septemba 2023, Microsoft ilitangaza mpango wa kuziacha hatua kwa hatua programu viendeshi za watengenezaji, na huko ndiko uchapishaji unakoelekea.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa printa ya USB, mwenyeji ndiye wa kuponywa kwanza: apewe anwani ya kudumu, nywila thabiti, masasisho ya mara kwa mara na mahali ambapo hazimwi ovyo. Wageni watakaotoka kila chumba na kurasa zao hawatakuwa na shida.